Njia ya Waliokimbia: Kumbukumbu za Safari ya Burundi

Jumatatu, Kigoma

Watu wa Kigoma wameijua historia ya Burundi kupitia miguu iliyovimba ya watu waliofika wakitembea. Walifika mwaka 1972, wakafika 1993, wakaendelea kufika kwa miaka mingi baada ya hapo, na mwaka 2015 wakaja tena kwa wingi ambao hata vijana wa leo wanaukumbuka. Mei ya mwaka huo makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, ambako wakati ule gari halikuweza kufika. Maji safi hayakutosha, kipindupindu kikaingia na kuua, na MV Liemba, meli iliyoteremshwa ziwani na Wajerumani mwaka 1915, ikafanya safari baada ya safari kuwaleta mjini, ambako uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha kuwapokea. Leo mchana nimepita uwanjani hapo, na mama anayekaanga mihogo jirani ameniambia kwamba hadi leo anawakumbuka watoto waliokaa chini ya turubai kutwa nzima bila kulia.

Mimi ni Muha wa Kasulu, na Muha hahitaji mkalimani kumwelewa Mrundi. Kwa hiyo tangu utotoni nimezisikia simulizi hizi bila kuzitafuta: kisimani, sokoni, na kwa vibarua waliolima mashamba yetu kwa ujira wa mahindi. Nimeona ni wajibu wangu kuifuata njia yao kinyume, nianzie walikoishia na nifike walikotoka. Katika karibu kila simulizi niliyopata kusikia kuna kitendo kinachotangulia damu: mwenye silaha anawakusanya watu, kisha anawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Mara nyingine amri hiyo ilitolewa na askari, mara nyingine na waasi, mara nyingine na jirani mwenye panga. Nataka nifike mahali ambapo watu waliamriwa hivyo, nijue walifanya nini, na nione waliobaki wanaishije.

Jumanne, Manyovu hadi Rumonge

Tumeondoka alfajiri kupitia Mwandiga hadi Manyovu, na maofisa uhamiaji wa pande zote mbili hawakutuchelewesha. Ukishavuka Mugina barabara inapita Mabanda, kisha inateremka hadi Nyanza-Lac, na kutoka hapo unakwenda kaskazini ziwa likiwa kushoto kwako na michikichi kulia. Ni nchi yenye rutuba, na rutuba hiyo ni sehemu ya msiba wake.

Ukanda huu ndiko janga la 1972 lilikoanzia. Tarehe 29 Aprili mwaka huo makundi ya waasi Wahutu yalishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya jirani, yakawaua Watutsi wengi, wanawake na watoto wakiwamo. Serikali ya Rais Michel Micombero, iliyoshikwa na Watutsi, ikajibu kwa mauaji yaliyopita mbali sana na kazi ya kuwasaka waasi. Askari na vijana wa chama tawala walikwenda na orodha mikononi: walimu, wauguzi, makarani, wafanyabiashara, mapadre, askari Wahutu, wanafunzi wa vyuo na hata wa sekondari. Kijana aliyejua kusoma na kuandika alihesabiwa kuwa adui wa kesho. Makadirio ya waliouawa katika miezi michache ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi wanakiita kipindi hicho Ikiza, na nimeona wazee wakishusha sauti wanapokitaja, ingawa sasa hakuna anayewazuia kusema.

Walioponea ukanda huu walivuka ziwa na mpaka, wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako waliufyeka msitu na kuugeuza mashamba. Wengi wao na watoto wao, kiasi cha watu 162,000, wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Huku nyuma ardhi yao iligawiwa watu wengine. Wengine waliopewa walikuwa Watutsi, wengine Wahutu waliotoka milimani kutafuta mahali pa kulima, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba udongo wanaoulima una mwenyewe. Vita vilipopungua, wakimbizi wakaanza kurudi, na kila shamba likawa na familia mbili zinazoapa kuwa ni lake. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilianza kwa kuzishawishi familia zigawane, baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba lote, na hapo walioishi juu ya ardhi hiyo kwa miaka 30 na zaidi wakafukuzwa na wao.

Jioni nimekaa na mzee mmoja wa Rumonge aliyerudi kutoka Ulyankulu. Kiswahili chake ni cha Tabora kabisa. Ameligawa shamba la baba yake na jirani aliyemkuta humo, na mpaka wao ni mstari wa minanasi. Nikamuuliza kama ameridhika.

"Mwanangu, kuridhika ni neno kubwa," akasema. "Huyu bwana hakumuua baba yangu. Alipewa shamba na waliomuua. Nikimfukuza, watoto wake watakwenda wapi? Lakini kila nikitazama michikichi iliyo upande wake, naikumbuka siku baba alipoipanda."

Nimesafiri nikidhani kwamba nitakutana na hasira, na kweli ipo. Lakini kwa mzee huyu nimekutana na kitu kigumu zaidi kukibeba, yaani haki mbili juu ya ekari moja, na wote wawili ni raia waliotendewa na wenye nguvu jambo ambalo hawakulichagua.

Jumatano, Buta

Kutoka Rumonge barabara inapanda kupitia msitu hadi Bururi, baridi ikaongezeka kwa kila kona. Buta iko karibu na mji huo. Ni seminari ndogo ya Kikatoliki yenye majengo ya matofali na uwanja mpana, na jirani yake lipo kanisa la kumbukumbu pamoja na makaburi 40 yaliyopangwa kwa safu.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wa Kihutu wa CNDD-FDD waliivamia seminari hii. Kusini mwa nchi kulikuwa kumechafuka, na uongozi wa seminari ulikuwa umewaandaa vijana wake kwa muda mrefu, kwa mazungumzo ya wazi juu ya ukabila, kwa sala, kwa michezo na ngoma za pamoja, ili wasifanye humo ndani yale yaliyokuwa yakifanywa nje. Waasi waliingia bwenini, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hawakujitenga. Amri ilirudiwa, nao wakashikana. Waasi wakawafyatulia risasi na kuwarushia mabomu ya mkono, na vijana 40, Wahutu kwa Watutsi, wakafa pamoja. Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua mwaka 2019 mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Nimekaa mbele ya makaburi hayo kwa saa nyingi kuliko nilivyopanga. Nimewaza juu ya umri wao, kwa kuwa wengi walikuwa vijana wa sekondari, umri ambao mtu anaogopa kuchekwa na wenzake kuliko anavyoogopa kufa. Nimewaza pia kwamba Mhutu aliyekuwamo bwenini angeweza kuokoka kwa kupiga hatua chache tu. Watu wakiniambia kwamba chuki ya makabila haya iko katika damu, nitawauliza damu gani ilikuwa Buta.

Ukweli wa historia unawaunga mkono vijana hawa. Wahutu, Watutsi na Watwa wa Burundi wanasema lugha moja, wanakaa kwenye vilima vilevile, waliabudu Mungu mmoja waliyemwita Imana kabla mmisionari hajafika, na kwa karne nyingi walikuwa chini ya mfalme mmoja, mwami, pamoja na ukoo wa kiganwa uliohesabiwa kuwa si wa Wahutu wala wa Watutsi. Ngazi za unyonge na utwana zilikuwapo, na sitaki kuzipamba. Lakini ni utawala wa Wabelgiji, waliorithi nchi hii kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliowaondoa karibu machifu wote Wahutu katika miaka ya 1930, ukaamua nani amezaliwa kutawala na nani amezaliwa kulima. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeunganisha watu wa makabila yote katika chama chake cha UPRONA, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, na baada yake kila mwanasiasa aliyetaka kiti alijua ni kidonda kipi akitoneshe.

Alhamisi, Kabezi na Bujumbura

Tumeshuka tena ziwani na kuelekea kaskazini. Tumepita Minago, karibu na mahali alipopigwa risasi Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa, mwezi Desemba 2003, kisha tukafika Kabezi, ambako nilimwomba dereva asimame.

Leo Kabezi ni soko, zahanati na watoto wa shule wenye sare za kaki. Septemba 1999 vilima vya jimbo la Bujumbura Vijijini viliamriwa kuhamwa. Jeshi lilitaka kuwatenga waasi wa Kihutu wa FNL na wakulima waliowalisha, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na kwa ajili hiyo zaidi ya watu laki tatu, karibu wote Wahutu, waliondolewa majumbani kwa taarifa ya saa chache wakaingizwa kambini. Huko hapakuwa na vyoo, maji yalikuwa ya kutafuta, na vibanda vilijengwa kwa majani ya migomba. Mashamba yalionekana kwa macho kutoka kambini, lakini kwenda kuvuna kulihitaji ruhusa, na aliyeonekana huko bila ruhusa aliweza kupigwa risasi kama muasi. Mama mmoja muuza ndagala, ambao kwetu ni dagaa, amenieleza kwamba walipoporwa chakula na waasi usiku, askari waliwapiga asubuhi kwa kuwalisha waasi. Nelson Mandela alizilaani kambi hizi hadharani alipochukua upatanishi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, na katikati ya mwaka 2000 zikavunjwa. Waliorudi kwenye vilima walikuta nyumba nyingi hazina paa.

Mtanzania hawezi kupita hapa akijiona mtazamaji tu. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi Julai 1996, nchi jirani, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Nia ilikuwa njema, na naamini shinikizo lilisaidia kuwaleta wakubwa Arusha kwenye mazungumzo ya amani. Lakini mzigo wenyewe ulibebwa na mama huyu wa ndagala, aliyenunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa bei iliyopanda kila wiki, wakati wenye magari ya kijeshi hawakukosa mafuta. Ni haki tuliseme hilo sisi wenyewe.

Ijumaa, Buyenzi na Kamenge

Bujumbura ya miaka ya 1994 na 1995 iligawanywa mtaa kwa mtaa. Ngagara, Musaga na Nyakabiga zikawa za Watutsi, Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, na kijana aliyekosea basi aliweza kukosa maisha. Vijana wa Kitutsi wa kundi lililoitwa Sans Echec waliweka vizuizi na kutangaza siku za mji mfu, ambapo asiyefunga duka au aliyekwenda kazini alipigwa mawe na hata kuuawa. Hakukuwa na haja ya kutazama kitambulisho, kwa maana aliyekujua tangu utoto ndiye aliyesimama kwenye kizuizi. Watu wa ndoa za mchanganyiko waliteseka kwa namna ya pekee: kwa desturi mtoto huhesabiwa kabila la baba, hivyo mama aliweza kuwa salama mtaani ambako wanawe hawakuwa salama.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, na leo baada ya swala ya Ijumaa nimejihisi niko Ujiji. Watu wanasalimiana kwa shikamoo, kahawa inauzwa kwenye birika la shaba, mafundi magari wamejaa kando ya barabara. Watu wa mtaa huu wanasifika kwa kukataa kugawanyika, na wanastahili sifa hiyo, kwa kuwa Wahutu na Watutsi waliotimuliwa kwingine walifichwa humu. Hata hivyo, mwenyeji wangu, fundi cherehani mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, hakutaka niondoke na hadithi tamu peke yake. Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi pia, na maelfu wakakimbilia Uvira, upande wa Zaire ya wakati ule.

"Tuliwaficha tuliowaweza, kaka," aliniambia. "Lakini usiandike kwamba sisi tulikuwa malaika. Wapo waliofunga milango. Mimi nilimfungulia mmoja, wa pili alipobisha nilizima taa."

Hakutaka nimfariji, nami sikujaribu. Nimeliandika kwa sababu amelisema ili liandikwe.

Alasiri nimekwenda Kamenge. Kufikia katikati ya 1995 jeshi lilikuwa limeusafisha mtaa huu wakazi wake, na waliobaki hai walipanda milimani au walivuka mpaka. Katika ukingo wa mitaa hii ya kaskazini kipo kituo cha vijana kilichoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho kiliendelea kuwaita vijana wa makabila yote waje wacheze mpira, wasome na wajenge nyumba za tope za majirani zao hata wakati risasi zikisikika. Leo uwanja wake umejaa. Nimesimama nikitazama mechi ya mpira wa kikapu, na kijana mmoja aliyezaliwa baada ya Mkataba wa Arusha, mkataba wa amani wa mwaka 2000, ameniambia anajua kabila lake kwa sababu bibi yake alimwambia, na kwamba alimwambia kwa kunong'ona.

Jumamosi, Gatumba

Ni mwendo mfupi kutoka mjini kuelekea mpaka wa Kongo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya wakimbizi ya Gatumba ilivamiwa na zaidi ya watu 150 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakiungua ndani ya mahema. Walikuwa Wakongomani, hasa Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo kutoka Kivu Kusini, waliovuka mpaka wiki chache kabla wakitafuta usalama. FNL ilijitangaza kuwa ndiyo iliyofanya. Makaburi yao yapo, na kila Agosti ndugu zao waliotawanyika duniani wanakumbuka. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Kilichonikaa zaidi ni kwamba watu hawa hawakuwa na sehemu yoyote katika vita vya Burundi. Walifanana na upande mmoja, na hilo lilitosha.

Jumapili, Kibimba na Gitega

Barabara ya Gitega inapanda hadi Bugarama kwa kona nyingi, vijana wa baiskeli wakiwa wameshika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, mikungu ya ndizi ikishuka upande wa pili. Baada ya Muramvya, kabla ya kufika Gitega, unakutana na Kibimba.

Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuiongoza nchi, alikuwa amekaa madarakani kwa siku 103 tu alipouawa na askari tarehe 21 Oktoba 1993. Pamoja naye waliuawa viongozi wengine, akiwamo Gilles Bimazubute, makamu wa spika, ambaye alikuwa Mtutsi. Waliopanga mauaji hawakujali kabila la aliyesimama upande wa kura. Habari zilipofika vilimani, Wahutu wengi waliokuwa na hofu ya kurudi kwa 1972 waliziba barabara kwa miti na kuwashambulia majirani Watutsi, pamoja na Wahutu wa UPRONA, chama kilichoshindwa na kile cha Ndadaye uchaguzini. Hapa Kibimba wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari, ambayo ilijengwa na wamisionari wa Kikweka (Quaker), dhehebu la Kikristo, walifungiwa ndani ya kituo cha mafuta kando ya barabara wakachomwa moto wakiwa hai. Mkuu wao wa shule, Mhutu, alihukumiwa na baadaye akanyongwa kwa kushiriki mauaji hayo. Kisha jeshi likashuka kulipiza kisasi, kilima baada ya kilima, na Wahutu wakauawa bila kuulizwa kama walishiriki au walijificha. Watu kiasi cha laki saba walikimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire ndani ya wiki chache, na Watutsi vijijini wakahamia katika kambi za wakimbizi wa ndani karibu na vituo vya jeshi. Baadhi ya kambi hizo hazijavunjika hadi leo. Watu wamepata wajukuu humo, wakiyaona mashamba yao kwa mbali na kuyalima mchana, lakini hawalali huko.

Mnara wa Kibimba umejengwa barabarani, na maandishi yake yanasema jambo hili lisitokee tena kamwe. Nimeinamisha kichwa kwa watoto wale, na naandika kwa moyo wote kwamba walistahili mnara huo. Lakini nilipouliza walipozikwa wakulima waliouawa na askari wiki hiyohiyo kwenye vilima vya pembeni, mwanamke mmoja ameninyooshea mkono kuelekea shamba la mihogo. Ndivyo ilivyo mahali pengi. Bugendana, ambako zaidi ya Watutsi 300 waliokuwa kambini waliuawa na waasi Julai 1996, panajulikana. Itaba, ambako jeshi liliua zaidi ya raia 170 Wahutu Septemba 2002, hapakuwa na mnara wa kitaifa kwa miaka mingi. Siku hizi mizani imeinamia upande mwingine, na baadhi ya Watutsi wanaona kwamba wafu wao ndio wanaosukumwa pembeni. Nchi ikiomboleza nusu ya wafu wake kwa zamu, nusu nyingine inaambiwa kwamba bado imetengwa, hata kaburini.

Jumatatu, kwenye mto Ruvubu

Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita ya pamoja katika eneo la Karuzi na kutoa mabaki ya zaidi ya watu 6,000. Ni watu wa 1972, waliobebwa kwa malori na kumwagwa karibu na mto huu. Miwani, rozari na vipande vya nguo viliwasaidia ndugu kuwatambua baadhi yao. Mzee aliyenisindikiza hakumpata wa kwake. Anasema alikuja kila siku ya ufukuaji na kutazama viatu, kwa sababu kaka yake, mwalimu, alikuwa amenunua viatu vipya mwezi ule.

Tume hiyo imelaumiwa kwamba imetazama 1972 kuliko miaka mingine, na nadhani lawama ina uzito. Hata hivyo, aliyesubiri viatu kwa karibu miaka 50 hapaswi kunyimwa kwa sababu wengine bado wanasubiri. Dawa ni kufukua kwingine kote.

Jumanne, Ruyigi

Tarehe 24 Oktoba 1993 Wahutu waliokuwa wamejificha katika nyumba ya askofu hapa Ruyigi walishambuliwa na kundi la Watutsi. Marguerite Barankitse, Mtutsi aliyekuwa akifanya kazi hapo, ndiye aliyewaficha. Alikataa kuonyesha walipo, akavuliwa nguo na kufungwa kitini, na watu 72 wakauawa mbele ya macho yake. Aliwanusuru watoto 25. Kutokana na watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, iliyolea maelfu ya yatima wa makabila yote, ikajenga nyumba, shule na hospitali. Mwaka 2015 mama huyo naye alilazimika kuikimbia nchi, akaendelea na kazi hiyo miongoni mwa wakimbizi nchini Rwanda.

Nimezunguka majengo yake bila kuingia, kwa kuwa kila niliyemwomba anieleze alibadilisha mazungumzo kwa adabu. Katika chakula cha jioni, ubugali na maharagwe, msichana mhudumu ameniuliza kama ni kweli kwamba Tanzania inawarudisha Warundi kwa nguvu. Shangazi yake yuko kambini Nduta.

Jumatano, Mabamba na Nduta

Nimevuka Gisuru na kuingia Mabamba, njia ileile wanayopitishwa wakimbizi wanaorejeshwa kwao. Kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani nimeruhusiwa kuingia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo. Tangu Septemba 2017, baada ya makubaliano ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zaidi ya watu laki moja wamerudi. Wapo waliorudi kwa furaha. Wapo pia waliorudi kwa sababu masoko ya kambini yalifungwa, mgao wa chakula ulipunguzwa na ruhusa ya kutoka kutafuta kibarua ilikoma, na mimi, mwana wa mkoa huu, siwezi kuita hiari uamuzi wa mtu aliyezibiwa kila njia nyingine.

Nimemkuta shangazi wa yule msichana. Amekuwa mkimbizi mara tatu: alibebwa mgongoni mwaka 1972, alibeba watoto mwaka 1993, na mwaka 2015 alikuja akishikwa mkono na mjukuu. Baba yake alikuwa karani eneo la Karuzi na hakuwahi kuonekana tena. Nilimweleza nilichokiona kwenye mto Ruvubu, polepole, nikimwangalia kama niendelee. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba kalamu.

"Mwandike jina lake na la babu yake na kilima chetu," akasema. "Msiandike kabila. Watakaotafuta wamtafute kama mtu."

Jina hilo sitaliweka hapa. Nimelipeleka kwa maandishi ofisi ya tume mjini Gitega, pamoja na majina mengine manne niliyopewa njiani, mawili ya Wahutu na mawili ya Watutsi kwa kadiri nilivyoelewa, nikayaandika yote katika karatasi moja.